Ukishtakiwa kwa kuendesha gari ukiwa mlevi: kutoka kizuizi cha barabarani hadi kortini

Kwenye vizuizi vya polisi vya usiku kati ya Nakuru na Eldoret, Kenya, madereva wengi huamini alkoblo, yaani kipima kileo cha kupulizia, ikishasoma, kesi imekwisha. Haijaisha. Kanuni za alkoblo za 2011 ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 za kileo kwa mililita 100 za pumzi, lakini mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufani ilizipata kuwa kinyume na Sheria ya Trafiki. Kifungu cha 44 cha sheria hiyo kinazungumzia dereva aliyelewa hadi akashindwa kulimudu gari, na hilo ndilo la kuthibitishwa: gari lilivyoyumba, ulivyosimama, ulivyotamka.

Kabla ya kupuliza, omba mrija mpya ufunguliwe mbele yako. Ikiwa umetoka kunywa sasa hivi, sema hivyo, usubiri dakika 15. Kileo kilichobaki mdomoni hupandisha kipimo. Angalia nambari na saa. Zaidi ya hapo, nyamaza: Katiba inakupa haki hiyo, na ile "nilikunywa mbili tu" itasomwa kortini.

Ni lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ila ukikamatwa Ijumaa usiku huenda ukangoja hadi Jumatatu. Kwa hiyo omba dhamana ya polisi, uchukue risiti na nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Bila risiti, pesa hizo huwezi kuzidai. Ukihudhuria kesi hadi mwisho, zinarudishwa.

Kortini, makosa makubwa hufanyika dakika za kwanza. Watu hukubali shtaka ili warudi kazini mapema. Ukishakubali, huwezi tena kukata rufaa kupinga hatia. Unabaki kupinga adhabu tu. Ukiwa umekubali, kiongozi wa mashtaka husoma maelezo ya tukio. Sikiliza kila neno. Akisema uligonga ukingo wa barabara na hukugonga, mwambie hakimu papo hapo. Ukipinga jambo la msingi, anapaswa kuandika kwamba umekana.

Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Tena leseni hufungwa miezi 12, isipokuwa korti ione sababu maalum. Kwa mtu wa matatu au boda, hiyo miezi ndiyo inayouma kuliko faini. Rufaa hukatwa ndani ya siku 14 katika Mahakama Kuu, iliyoko Nakuru, Kisumu na hata Kakamega.

Kulala garini kando ya barabara hakukuokoi. Anayelisimamia gari akiwa mlevi pia hushtakiwa.

Na asubuhi? Bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina takriban gramu 16 za kileo, na ini huondoa kama gramu 8 kwa saa. Chupa nne ulizoanza saa nne usiku huisha mwilini karibu saa kumi na mbili asubuhi. Anayewasha matatu saa kumi alfajiri kutoka Kisumu bado amebeba ya jana, hata akinywa kahawa birika zima.