Shimo la udongo la watoto lisinuke

Uani kwangu hapa Malindi kuna shimo la udongo wa mto Sabaki, ule mwekundu, wanalochezea watoto wa mtaa kila Jumamosi. Wazazi huniuliza natia dawa gani hata halinuki. Sitii dawa. Klorini ukiimwaga kwenye tope huishiwa nguvu mara moja kwa taka zilizomo, na macho ya watoto yanawashwa bure. Iweke ya kuoshea makarai na chepe.

Harufu ya yai viza hutoka pale tope lilipokosa hewa. Chimbua kidogo: juu jekundu, chini unakuta tabaka jeusi linaloteleza. Hapo ndipo pabovu. Watoto wakishaondoka toa maji yote, pindua udongo mpaka chini, uache upigwe na jua. Ukikauka ukapasuka, uponde na kuupitisha kwenye chekecheke. Kazi hii usiifanye mbiombio, maana ndipo vinapoonekana vipande vya chupa, misumari na makombe.

Paka ndio shughuli yenyewe. Wanapenda kufukia kinyesi kwenye udongo laini, na kinyesi hicho huweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma, ambavyo huchukua siku 1 hadi 5 nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo kagua kila asubuhi, hata siku isiyo ya mchezo. Kichote pamoja na udongo uliokizunguka, ukafukie mbali. Mama mjamzito asiiguse kazi hii, tafadhali sana. Usiku funika kwa turubai, pembeni ulikaze kwa mawe, katikati uliinue kwa mti. Likilalia tope linazuia hewa, na mvua ikinyesha linageuka dimbwi. Mbu hawahitaji zaidi ya wiki moja au mbili kutoka yai hadi kuruka, basi maji yasilale popote zaidi ya siku tatu.

Kulowesha, tumia maji ya mfereji au ya mvua. Ya bahari hapana, yakikauka chumvi yake hubaki udongoni.

Masika yakiingia mimi nafunga kabisa, udongo naurundika bandani.

Mtoto mwenye kidonda haingii, na kila mmoja apite chooni kwanza, hata akinuna. Wakitoka waoshee miguu kwenye karai, maji hayo yamwagwe migombani. Ukiyaelekeza kwenye bomba la maji machafu, udongo utatuama na kuliziba.