Somo: Kupandikiza mfupa wa taya kabla ya kuweka kipandikizi cha jino

Wagonjwa wengi hunijia hapa Moshi wakiwa wamekusanya fedha za kipandikizi na pengo limeshakaa mdomoni miaka 6 au 10, kisha hushangaa wakiambiwa kwamba mfupa wa kukishika kipandikizi hicho haupo tena. Mfupa unaozunguka jino hudumu kwa sababu jino linaufanyisha kazi. Jino likitoka, mfupa huanza kupungua, hasa upande wa shavu ambako ni mwembamba, na karibu nusu ya upana wake huweza kupotea ndani ya miezi 12, sehemu kubwa ikiondoka katika miezi 3 ya mwanzo. Kipandikizi, ambacho ni skrubu ya metali ya titani yenye unene wa takriban milimita 4 inayofungwa mfupani ili ibebe jino bandia, kinahitaji kuzungukwa na mfupa usiopungua milimita 1 kila upande. Daktari Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza kipandikizi mwaka 1965, alitegemea jambo moja, kwamba titani hushikamana na mfupa hai. Mfupa ukiwa hautoshi, huongezwa kwanza, na hizi ndizo hatua zake.

Hatua ya kwanza ni picha. Eksirei ya kawaida huonyesha urefu wa mfupa lakini huficha upana wake, kwa hiyo omba picha ya CT ya taya, yaani eksirei inayoonyesha taya kutoka pande zote. Katika taya la chini tunatafuta mshipa wa fahamu, na katika taya la juu tunatazama uwazi wa hewa ulio juu ya magego.

Hatua ya pili ni mwili wenyewe. Kisukari kidhibitiwe, fizi zinazotoka damu zitibiwe, na sigara iachwe angalau wiki 2 kabla na wiki 8 baada ya upasuaji. Aliyewahi kuchomwa sindano za kuimarisha mifupa kwa ajili ya saratani au udhaifu wa mifupa aseme mapema, hata kama ni zamani, kwa sababu dawa hizo huweza kuufanya mfupa wa taya ufe baada ya upasuaji.

Hatua ya tatu ni kuchagua mfupa. Unaweza kuchukuliwa kidevuni mwako au nyuma ya taya lako la chini, nao una chembe hai, ila utakuwa na vidonda viwili. Upo pia wa binadamu mwingine aliyeutoa, wa ng'ombe ulioondolewa protini ukabaki madini, na uliotengenezwa kiwandani.

Hatua ya nne ni upasuaji, ambao kwa kawaida hufanywa kwa ganzi ya sindano. Ufizi hufunguliwa, na mfupa wa zamani hutobolewa vitundu vidogo ili uvuje damu. Wagonjwa huogopa wakisikia hivyo, lakini damu hiyo ndiyo inayoleta chembe za kujenga. Punje za mfupa tunazoweka ni kama fito za nyumba ya udongo, nao udongo hutoka kwako. Juu ya punje huwekwa utando, kwa kuwa ufizi hukua haraka kuliko mfupa na ungeiwahi nafasi hiyo.

Hatua ya tano ni kungoja miezi 4 hadi 6, au hadi 9 ikiwa mfupa uliongezwa chini ya uwazi wa hewa. Siku za mwanzo kula mtori uliopoa, usinyonye kwa mrija, usiguse mbege, na jino bandia la kuvaa lisikandamize kidonda.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo daktari. Nimekulia Ngarenanyuki na meno yangu ni ya kahawia kwa sababu ya maji. Je, mfupa utashika?
Jibu: Marahaba. Madoa peke yake hayakuzuii. Lakini floridi nyingi, madini ya kwenye maji yanayotia meno madoa hayo, huweza kuathiri mifupa pia, hivyo ukiwa na maumivu ya muda mrefu ya mgongo au viungo, mweleze daktari wako kabla ya kupanga lolote.

Swali: Mimi ni Mwislamu. Nitajuaje kwamba sikuwekewa kitu cha nguruwe?
Jibu: Umeuliza jambo ambalo sisi madaktari tulipaswa kulisema bila kuulizwa. Baadhi ya tando hutokana na nguruwe na nyingine na ng'ombe. Omba kuoneshwa boksi kabla ya siku ya upasuaji.

Swali: Nilianguka na bodaboda, jino la mbele likang'olewa wiki iliyopita. Nimechelewa?
Jibu: Pole sana. Hujachelewa. Kuna wanaoweza kuwekewa kipandikizi wiki 6 hadi 8 baada ya jino kutoka, na mfupa kidogo ukaongezwa papo hapo. Nenda ukapimwe mwezi huu, hata kama fedha hazijatimia.

Swali: Nimefanyiwa juzi, na leo nimetema punje mbili kama mchanga.
Jibu: Punje chache hutoka siku za mwanzo, usijali. Ila nyuzi zikiachia, usaha ukitoka, au uvimbe ukizidi baada ya siku ya tatu, rudi siku hiyohiyo kwa aliyekufanyia.