Kuzuia kombaini ya mpunga isizibe: marekebisho kuanzia mdomoni hadi kwenye chekeche

Kombaini nyingi zinazovuna mpunga huko Mbarali, Kilombero na Mwea ni zile ndogo zinazotembea kwa mikanda mipana ya mpira, nazo huziba zaidi zinapoingia kwenye mpunga mrefu uliolala au kwenye jaruba ambalo halijakauka vizuri. Mwenye mashine hukimbilia kuilaumu injini kwamba haina nguvu. Mara nyingi nguvu ipo, ila mtiririko hauko sawa: mabua yanayoingia kwa mafungu huilemea ngoma ya kupuria hata pale ambapo jumla yake ni ndogo kuliko uwezo wa mashine. Kwa sababu hiyo ukaguzi uanzie mdomoni na kuelekea nyuma, kwani mahali mabua yalipokwama si lazima pawe ndipo kasoro ilipo.

Kabla ya kugusa chochote, injini izimwe, ufunguo utolewe na ukae mfukoni mwa yule atakayeingiza mkono, na ngoma isubiriwe hadi isimame kabisa, kwa kuwa uzito wake huifanya iendelee kuzunguka kwa muda baada ya injini kuzimika. Hakuna haraka ya mavuno inayohalalisha kuchomoa mabua huku mashine inanguruma.

Visu vya mbele vikiwa butu havikati bali huvuta, na mmea unaovutwa huja na mizizi na tope. Kagua kila kisu, badilisha vilivyovunjika au kupoteza makali, kaza ribiti zilizolegea, kisha hakikisha kwamba visu vinapofika mwisho wa mwendo wao vinasimama katikati ya vidole vya kinga. Gurudumu linaloinamisha mimea kuelekea kwenye visu nalo lizunguke kwa kasi iliyozidi kidogo ile ya mashine kutembea, kama mara moja na robo. Likiwa na kasi kubwa mno hupukutisha punje na kujiviringishia mabua. Likiwa taratibu mno, mpunga husukumwa mbele kisha huingia kwa fungu moja zito. Penye mpunga uliolala, lishushwe, lisogezwe mbele kidogo, na vidole vyake vigeuzwe nyuma ili vinyanyue.

Sehemu inayostahili muda mrefu kuliko zote ni parafujo, ile skrubu pana inayokusanya mabua kutoka pande zote mbili na kuyapeleka katikati, kwenye koo la mashine. Mapezi yake huliwa na mchanga, nafasi kati yake na sinia ya chini huongezeka, na mabua mafupi hubaki yamelala hapo hadi yarundikane na kuondoka kwa mpigo. Fundi anaweza kuchomelea ukanda wa chuma kwenye kingo zilizolika, mradi afanye hivyo kwa usawa kila upande ili parafujo isitikisike, halafu arekebishe nafasi hiyo kulingana na kitabu cha mashine. Sinia yenyewe isafishwe kutu na tope lililokauka hadi iwe laini. Kwa maoni yangu, hii ndiyo kazi yenye gharama ndogo na faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mabua yakizunguka na parafujo badala ya kuingia kooni, tazama vidole vya katikati vinavyochomoza na kurudi ndani: huenda vinachelewa kuyaachia. Kipande cha chuma cha pembe kikifungwa nyuma ya parafujo, karibu na mapezi bila kuyagusa, husaidia kuyakwangua. Klachi ya usalama, ile inayoteleza mzigo unapozidi, isikazwe kupita kiasi ili kulazimisha mabua yapite, kwa maana kinachofuata ni kukatika kwa mnyororo.

Kwenye koo, angalia kama mnyororo wa kupandishia umelegea au vipau vyake vimepinda.

Kwenye ngoma, meno yaliyolika au kung'oka yabadilishwe kwa jozi zinazokabiliana ili mlingano usipotee. Kwa mpunga, kasi ya ncha za meno inayofaa ni mita 12 hadi 16 kwa sekunde; ngoma yenye kipenyo cha sentimita 60 ikizunguka mara 480 kwa dakika, ncha zake huenda takriban mita 15 kwa sekunde. Kuongeza kasi ili kuondoa mzibo huvunja punje, na hasara yake huonekana kinuni mchele unapotoka vipande. Ni afadhali kuchunguza kwanza mkanda unaoizungusha ngoma, kwani mkanda uliong'aa au kudondokewa na oili huteleza mzigo unapozidi, na ngoma hupoteza mizunguko wakati ule ule inapoihitaji. Ngoma inayopitisha mabua kwa urefu wake huwa na mabamba ya kuyaongoza kwenye kifuniko cha juu. Pale yanaporekebishika, yageuzwe kidogo ili mabua yatoke haraka zaidi, hasa yakiwa na unyevu.

Nafasi kati ya meno na wavu wa chini ikibanwa mno, mabua husagwa kuwa makapi mengi yanayolijaza chekeche na parafujo ya kurudishia masuke. Kwa hiyo chekeche likiziba, kabla ya kuongeza upepo wa feni, rudi kwenye ngoma ulegeze kidogo.

Shamba nalo lina sehemu yake. Maji yatolewe siku 7 hadi 10 kabla ya kuvuna, umande usubiriwe ukauke, na punje ziwe na unyevu wa asilimia 20 hadi 25. Mpunga mrefu kama Supa ukikatwa sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini, iwapo umesimama, mzigo wa mabua hupungua sana. Aina ya SARO 5, iliyo fupi, haisumbui kiasi hicho. Uliolala uvunwe kwa kuelekea kinyume cha ulikolala, hata kama mashine italazimika kurudi tupu. Ndago na magugu mengine mabichi yang'olewe mapema, kwa kuwa maji yake hugandisha makapi kwenye chekeche.

Baada ya kila rekebisho moja, na si matatu kwa pamoja, vuna mita kadhaa kwa mwendo wa kawaida, kisha zima injini ghafla mzigo ukiwa ndani. Ngoma ikisimama, fungua vifuniko uone mabua yametandazika vipi kwenye sinia, kooni na juu ya wavu. Yakiwa mazito upande mmoja, rudi kwenye visu na parafujo ya upande huo kabla ya kugusa kitu kingine.