Kulinda chemchemi: bomba lisipite kimo cha jicho la maji

Wakati wa kiangazi, mito inayojaza mabwawa ya taifa haiishi kwa mvua. Inaishi kwa maji yanayotoka ardhini. Nchi inayoacha vyanzo vilimwe hadi ukingoni itanunua kemikali za kuondoa tope ambalo uzio ungelizuia.

Pima kwanza maji ya chemchemi, mwishoni mwa kiangazi. Pitisha maji yote kwenye kipande cha bomba, kinga ndoo ya lita 20, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, unapata nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Sehemu kubwa hupotea usiku watu wakiwa wamelala, kwa hiyo tangi ni la lazima. Kipimo cha msimu wa mvua kitakufanya uahidi maji yasiyokuwapo.

Chimba taratibu kufuata jicho la maji, yaani pale maji yanapotokea ardhini, hadi tabaka lisilopitisha maji, mwamba au udongo wa mfinyanzi. Usilitoboe, maji yatazama. Mbele ya jicho jenga ukuta wa mawe na saruji, nyuma yake jaza kokoto zilizooshwa. Juu ya kokoto tandaza nailoni nzito, shindilia udongo wa mfinyanzi, kisha funika kwa udongo wa kawaida na upande nyasi.

Kazi nyingi huharibikia kwenye bomba la kutolea maji. Fundi hulipandisha ili ndoo ienee chini yake. Maji yakijikusanya nyuma ya ukuta na kupita kimo cha jicho, yanasukuma kurudi mlimani, na chemchemi hutafuta njia nyingine. Ikishahama, kuirudisha ni shughuli pevu. Bomba liwe chini kidogo ya jicho. Ndoo isipoenea, chimba mahali pa kutekea ushuke, sentimita 50 kutoka bomba hadi sakafu zinatosha. Weka na bomba la pili la kumwaga maji ya ziada, maana hilo moja hulemewa mvua zikikolea.

Mita 8 hadi 10 juu ya jicho, chimba mtaro wenye umbo la upinde wa kukwepesha maji ya mvua, na uzio upite upande wa juu wa mtaro. Choo cha shimo kikae upande wa chini, angalau mita 30. Kwenye miamba yenye nyufa, ongeza umbali. Mikaratusi usipande: inakunywa sana. Hata miti ya asili isikaribie ukuta, mizizi itaupasua.

Baada ya mvua kubwa, chungulia maji. Yakiwa na tope ndani ya saa chache, maji ya juu yanapenya: kagua mtaro na ule mfinyanzi, na wanaoyanywa wayachemshe kwanza.

Rudia kipimo cha ndoo kila mwezi, uandike daftarini. Kiangazi cha mwaka huu kikitoa pungufu kuliko cha mwaka jana na mvua haikupungua, panda mlimani ukaangalie visima vipya na pampu za umwagiliaji, kisha peleka daftari kwa mamlaka inayotoa vibali vya maji.