Trekta dogo la dizeli linazima shambani: tafuta upepo kwenye njia ya mafuta kabla hujagusa pampu

Wiki iliyopita nilivuka pantoni kwenda Kimbiji, pwani ya Dar es Salaam, kwa mama mmoja mwenye trekta la silinda tatu. Linalima nusu saa, linakohoa, linazima. Alishaambiwa injekta pampu (ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli, zinazoinyunyiza ndani ya silinda) imekufa, na alikuwa anatafuta hela ya kuipeleka kwa mafundi wa Gerezani, mjini, ikafunguliwe. Pampu ilikuwa nzima. Naandika nilivyofanya, maana kosa hili linakula pesa za wakulima wengi.

1. Tazama moshi. Piga stata sekunde 10, mwenzako asimame kwenye egzosi. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika kwenye silinda, kwa hiyo tafuta ugonjwa kwingine. Kukiwa kukavu kabisa, hakikisha kwanza kebo ya kuzimia imerudi mahali pake.

2. Kifuniko cha tenki. Kina kitundu cha kupumulia. Vumbi likikiziba, mafuta yanashindwa kushuka. Trekta likizima, fungua kifuniko hapohapo: ukisikia tenki linavuta hewa, umeshapata mchawi.

3. Filta. Mimina mafuta ya kikombe cha chini kwenye chupa angavu, uache yatulie. Maji yatakaa chini. Joto na unyevu wa pwani hii hufanya tenki lililo nusu kutoa jasho kwa ndani, kwa hiyo mimi hujaza jioni, sijazi asubuhi. Filta ikichafuka, badilisha. Kuipuliza kwa kompresa sikubali hata kidogo, unaitoboa karatasi na uchafu unakwenda moja kwa moja kwenye pampu.

4. Upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta. Hapa ndipo siku yangu nzima iliishia.

Kutoa upepo kwenyewe ni rahisi. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka povu liishe na dizeli itoke imenyooka, kaza. Rudia kwenye skrubu ya injekta pampu. Mwisho legeza nati za mabomba ya nozeli, nusu mzunguko tu, piga stata mpaka zitoe mafuta, kaza. Usiweke kidole hapo. Mafuta ya nozeli yana presha inayozidi bar 100, yanapenya ngozi kama sindano. Yakikuingia nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo kama cha mbu.

Nilitoa upepo mara tatu. Kila mara lilinguruma vizuri, kisha likazima. Upepo ukirudi, usiendelee kuutoa, tafuta unakoingilia. Shida ni kwamba kati ya tenki na pampu ya kuvuta mafuta, mpira uliopasuka unaweza usidondoshe hata tone. Injini inapofanya kazi unavuta hewa kwa ndani, huku kwa nje ni mkavu. Ukitafuta majimaji, utazunguka mpaka magharibi.

Mama ndiye aliyenifumbua macho: "Mwanangu, nikijaza mpaka juu linalima hadi saa tano. Likifika nusu ndiyo linaanza." Nikamwambia, "Mama, hapo umenisaidia." Tenki likijaa, uzito wa mafuta unayasukuma. Yakishuka, pampu inabaki kuvuta peke yake, na ufa unafunguka.

Nikafanya vipimo viwili. Cha kwanza, nilifunga kipande cha mpira angavu kabla ya filta, nikaona mapovu yakipita. Cha pili, ambacho nakiamini kuliko vyote: nilining'iniza dumu safi la lita 5 juu kuliko injini, nikaunga mpira mpya kutoka dumuni hadi pampu ya kuvuta mafuta, na mpira wa kurudisha mafuta nikauelekeza humohumo. Lililima saa nzima bila kukohoa. Basi ugonjwa uko nyuma, upande wa tenki.

Mpira ulikuwa umepasuka chini ya waya wa kufungia. Nani aliyefunga waya hapo sijui, lakini waya unakata mpira. Tumia klampu ya skrubu. Na washa za shaba (pete za kuzuia kuvuja kwenye maungio) ukizifungua weka mpya, ni bei ndogo.

5. Pampu na nozeli. Ukifika hapa bado halijawaka, ndipo uzifungue uzipeleke kupimwa, zote pamoja, na kila mdomo uliofungua uzibe kwa kizibo safi cha plastiki kabla hujapanda daladala.