Kupata leseni ya elki Colorado wakati wewe ni mkaazi wa jimbo lingine

Wadau mlioko Texas, Nebraska na kwingineko mnaoitamani milima ya Colorado, elki (kulungu wa kule, dume lake zito kama ng'ombe) ana leseni chache na nyingi zinatoka kwa droo, na robo tatu hivi ni za wenyeji. Mwenyeji ni alokaa pale miezi sita mfululizo, kwa hiyo usijidanganye na adresi ya shemeji.

1. Cheti cha mafunzo ya uwindaji kwanza. Ukiwa umezaliwa kuanzia 1/1/1949 lazima uwe nacho, cha jimbo lolote wanakubali.

2. Fungua akaunti kwa websaiti ya Colorado Parks and Wildlife, kisha ununue ile leseni ndogo inayokuruhusu kuingia droo, bila hiyo fomu haiendi.

3. Chagua kodi, yaani namba ya uwindaji unaouomba (sio kodi ya kulipa). Mfano E-M-061-O1-R: elki, dume, kitalu namba 61, msimu wa kwanza, bunduki. Hiyo O ni herufi jamani, sio sifuri.

4. Hapa ndo penyewe. Unapewa chaguo nne, na ni chaguo la kwanza tu linalokula pointi zako (alama za kipaumbele kwenye droo, unazozikusanya mwaka hadi mwaka). Ukilikosa unaongezewa pointi moja, ukilipata zote zinarudi sifuri. Sasa watu wanajaza kitalu cha ndoto namba moja wakati hawana pointi hata moja, halafu chini wanaacha wazi, mwaka umekwenda hivyo hivyo bila kuwinda. Mi nashauri kama unajenga pointi weka E-P-999-99-P namba moja, hiyo ni ya kuomba pointi tu, alafu namba mbili weka kitalu ambacho hakigombaniwi sana, elki jike hasa, unaweza kuwinda mwaka huu na pointi ukapata vilevile. Ripoti za droo za miaka iliyopita zipo bure palepale, zisome ujue kitalu gani kinatoka kwa pointi ngapi.

5. Tuma kabla ya Jumanne ya kwanza ya Aprili, saa 2 usiku kwa saa za kule. Saa hizi unalipia fomu tu, hela ya leseni yenyewe ni mpaka ushinde, na ukichelewa kuilipa anapewa mwingine.

6. Ukikosa kuna droo ya pili katikati ya mwaka, na zinazobaki huuzwa Agosti, zinagombaniwa balaa.

Wa upinde msitegemee tena kununua kaunta bila droo, toka 2025 vitalu vya magharibi ya barabara ya I-25 mgeni ni droo tu.