Namna ya Kumwonyesha Mzee Filamu ya Ndugu Waliotengana

Mzee wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye kwa miaka mingi hajavuka feri kwenda Likoni kumjulia hali nduguye hahitaji kuhubiriwa. Mwonyeshe The Straight Story, filamu ya David Lynch ya mwaka 1999, ambamo mzee Alvin anasafiri kutoka Iowa hadi Wisconsin, Marekani, juu ya mashine ya kukatia nyasi ili amwone nduguye aliyepatwa na kiharusi.

Chagua muda wa baada ya sala ya Isha, wageni wakiwa wameondoka, umwekee kahawa na kashata, kisha ukae ubavuni pake umfasirie Kiingereza kwa sauti ya chini. Akichoka, isimamishe. Ndugu hao wanapokutana barazani husemezana maneno machache mno, na hapo, tafadhali, usifasiri chochote wala usimtazame usoni. Kwangu mimi hicho ndicho kipande chenye thamani kuliko vyote.

Usimtaje nduguye usiku huo. Asubuhi muulize tu, "Babu, nikusindikize Likoni?" Akikubali, wapigie simu mapema watu wa nyumba ile, ili mwenyeji naye apate muda wa kuoga, kuvaa kanzu na kuutuliza moyo.